Muda wa Matumizi Umekwisha: Wa Kopo au wa Mtu?

Katika kikao kimoja cha kazi nilichohudhuria, kijana aliyekuwa akitetea mpango mpya alimgeukia mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akiupinga, akamwambia, "Samahani mama, lakini watu wenye mtazamo kama wako muda wenu wa matumizi umeshakwisha." Wachache walicheka, wengine tukainamisha vichwa. Mama yule hakujibu. Alifunga daftari lake taratibu, akalaza kalamu juu ya jalada, na mpaka kikao kinaahirishwa hakufungua tena kinywa. Ukimya ule haujanitoka, na ndio ulionifanya niyatazame upya maneno haya ambayo sote tunayasoma kila siku kwenye makopo na pakiti, na ambayo siku hizi tunayatamka kwa wepisi juu ya watu.

Sina ugomvi na lugha kuchota tamathali jikoni, kwa sababu Kiswahili kimefanya hivyo tangu zamani na kimefanya kwa ustadi. Kiporo ni chakula kilicholala, lakini mashabiki wa soka wakisema timu ina viporo viwili, kila mtu anaelewa kuwa ni mechi zilizoahirishwa. Chakula huchacha, na mtu asiye na senti mfukoni naye husema amechacha. Wahenga nao walisema la kuvunda halina ubani. Maneno haya yote yalizaliwa na pua, ulimi na jicho: kuna mtu aliyefunua chungu, akanusa, akaonja, ndipo akatoa hukumu. "Muda wake umekwisha" ni hukumu ya namna nyingine kabisa, kwa kuwa anayeitoa hahitaji kufunua chochote. Anasoma tarehe tu.

Na hata tarehe yenyewe mara nyingi tunaisoma vibaya. Tume ya Codex Alimentarius, iliyoanzishwa mwaka 1963 na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, ina kiwango cha lebo za vyakula vilivyofungashwa ambacho ni cha tangu mwaka 1985, na marekebisho yake ya mwaka 2018 yanatenganisha wazi tarehe za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya "tumia kabla ya", ambayo ikishapita chakula hakipaswi kuuzwa wala kuliwa. Hii huwekwa kwenye vitu vinavyoharibika upesi, na haina mjadala, kwa sababu vipo vijidudu kama listeria vinavyoendelea kuzaliana hata ndani ya jokofu bila kubadili harufu wala rangi ya chakula, kwa hiyo pua haiwezi kumwokoa mlaji. Ya pili ni ile ya "bora kabla ya", ambayo ni ahadi ya mtengenezaji kuhusu ubora: mpaka siku hiyo biskuti itavunjika kwa mlio ule ule na kahawa itanukia vile vile. Siku hiyo ikipita, chakula kinaweza kuwa bado kinafaa kabisa kuliwa.

Midomoni mwetu tofauti hii imepotea. Iwe ni nyama iliyopozwa au pakiti ya tambi kavu, tunasema "imeekspaya", na mkono unakwenda kwenye pipa la taka. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hicho ilitoka majumbani. Sisemi kwamba lebo ndiyo iliyotupa chote hicho, ila kuchanganya tarehe hizi mbili ni sehemu ya tatizo, na ni sehemu inayoweza kurekebishwa kwa maneno tu. Chukua pakiti ya chumvi. Chumvi haiozi, na Codex haidai tarehe kwa chumvi ya kula isiyoongezwa kitu. Ile yenye madini joto ndiyo inayowekewa tarehe, kwa kuwa madini hayo hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Anayeona tarehe imepita akadhani amekula sumu hakuambiwa tarehe hiyo inahesabu nini.

Lipo jambo jingine ambalo wanaoipenda tamathali hii hulisahau, nalo kwangu ndilo zito zaidi. Tarehe ya kwenye kopo haisimami peke yake. Mtengenezaji huipata kwa kuhifadhi sampuli na kuzipima kwa kipindi fulani, na huiandika kwa sharti kwamba kopo halijafunguliwa na limewekwa inavyotakiwa. Ndiyo maana karibu nayo utakuta "hifadhi mahali pakavu na penye ubaridi". Maziwa yaliyoachwa juani huharibika mapema, haijalishi kifuniko kinasema nini. Basi kama mtu anataka kuitumia lugha ya lebo kwa mfanyakazi wa miaka mingi, aisome lebo yote. Aulize huyo mtu alihifadhiwaje: ni lini alipelekwa mafunzo, ni nani aliyemwelekeza mfumo mpya ulipoletwa, na ni mara ngapi maoni yake yaliombwa.

Kinachochoma hasa ni neno "matumizi". Kibali, pasipoti, mkataba na nywila vina muda, na kusema muda wake umeisha ni kusema ukweli ulivyo. Kiongozi ana muhula, nao huisha kwa mujibu wa sheria. Lakini ukisema muda wa matumizi ya mtu umekwisha, umemfanya kitu cha kutumiwa, na umejipa wewe nafasi ya mtumiaji. Wanaolipata zaidi pigo hili ni wanawake, ambao wakifikisha umri fulani bila kuolewa huambiwa wameekspaya, wakati mwingine na ndugu zao wenyewe, mbele ya wageni. Hapo siwezi kukubali kwamba ni utani. Lugha hii hii inasema ng'ombe hazeeki maini na hujafa hujaumbika. Haikukosa namna ya kuuzungumzia umri wa binadamu mpaka ikaazime kwa kiwanda.

Ningependa wanaoandika lebo za Kiswahili waache kuficha tarehe zote chini ya "mwisho wa matumizi" na kutuachia herufi EXP tuzifumbue wenyewe. "Tumia kabla ya" na "bora kabla ya" ni maneno mafupi, yanaeleweka hata na mtoto wa shule, na yanaenea kwenye kifuniko.

Baada ya kile kikao nilimfuata yule mama, nikamwomba aniambie alichotaka kusema. Alifungua daftari akanionyesha maswali matatu kuhusu ule mpango, yameandikwa kwa mwandiko mdogo ulionyooka, na lile la pili, lililouliza kazi itaendeleaje mtandao ukikatika, alikuwa amelipigia mstari mara mbili. Hakuna hata moja lililokuwa limejibiwa.