Baba mkubwa hakuzaliwa Mkoa wa Njombe

Juzi tumemzika baba mkubwa, na wasifu wake uliposomwa msibani ukaanza hivi: alizaliwa mwaka 1942, Wilaya ya Makete, Mkoa wa Njombe. Imeniuma mpaka leo. Mkoa wa Njombe umeanzishwa 2012, ukamegwa kutoka Iringa. Makete imekuwa wilaya mwaka 1979; kabla ya hapo Ukinga, yaani nchi ya Wakinga iliyo Makete ya leo, ulikuwa chini ya Wilaya ya Njombe. Na huo Mkoa wa Iringa nao 1942 haukuwepo. Kulikuwa na Jimbo la Nyanda za Juu Kusini la Waingereza, Iringa na Mbeya zikiwa humo pamoja.

Binamu yangu kaniambia, "Si ni palepale tu, kaka?" Ardhi ni ileile, sawa. Ila mipaka inapohamishwa, makaratasi hayahami nayo. Kitukuu akija kumtafuta babu yake kwenye Nyaraka za Taifa, akiulizia Makete ya miaka ya 1940, atarudi mikono mitupu, kwa sababu karani wa enzi hizo aliandika Njombe. Vivyo hivyo kwa mzee wa Babati, ambaye kabla ya Manyara kuanzishwa 2002 alikuwa mtu wa Arusha. Wa Chato je? Leo ni Geita, lakini habari zake za zamani utazipata Biharamulo. Na mzaliwa wa Bukoba miaka ya 1960, kabla ya jina kubadilishwa 1979, vyeti vyake vinasema Ziwa Magharibi, si Kagera.

Mimi naandika jina la siku ile kwanza, la leo kwenye mabano: Ukinga, Wilaya ya Njombe, Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, Tanganyika (sasa Makete, Njombe). Ni refu, lakini linaonyesha njia.

Kinachoniuma zaidi ni kijiji. Kile kilichosomwa msibani ni cha Operesheni Vijiji, mpango wa serikali wa kuwakusanya watu vijijini; watu walisogezwa pale miaka ya 1970 wakati baba mkubwa ana watoto tayari. Alizaliwa kwenye mahame, makazi ya zamani yaliyohamwa, ng'ambo ya bonde. Shangazi alinipeleka siku moja: nyumba hakuna, ila mianzi ya ulanzi (pombe ya mianzi) aliyopanda babu bado imesimama, na kila kichaka anakitaja kwa jina la mji uliokuwa pale. Majina hayo hayamo kwenye ramani yoyote niliyowahi kuiona. Shangazi alikuwepo msibani, amekaa mkekani na wenzake, na waliochapa wasifu hawakumuuliza. Waulizeni wazee jina la mahame, liandikwe, hata kama mkoa mtaukosea.

Fomu za serikali zina orodha ya mikoa ya leo tu. Haya, hapo chagua Njombe, upate huduma yako. Lakini wasifu na daftari la ukoo tunaandika wenyewe, na hakuna afisa anayetubana nafasi.