Kiingilio kinywaji chako, eti

Kuna jamaa Jumamosi kaniharibia bia yangu na wala hanijui.

Ilikuwa hivi. Baa ya kitaani huku kwetu Tabata, zile baa za uani ambazo ukuta mmoja ni wa jirani, kuna bendi inakuja kupiga wikiendi, na getini huuziwi tiketi, ukinunua kinywaji umeshaingia. Wazee kadhaa na vijana wao, wanapiga zilipendwa na nyimbo zao wenyewe chache. Katikati ya mziki muimbaji mmoja akashuka kupita mezani na kofia. Meza ya jirani yangu wamekaa jamaa watano, ndoo ya bia katikati imejaa barafu, sahani ya kiti moto imeisha na nyingine imeshaagizwa. Mzee akafika pale, mzee kweli, mtu wa kupewa shikamoo, jamaa mmoja akamwangalia akamwambia "mzee pale getini mmeandika kiingilio kinywaji chako, sasa sisi kinywaji si hiki hapa?" Wenzake wakaangua kicheko. Mzee naye akacheka, angefanyaje sasa, akapitiliza meza inayofuata.

Sikusema kitu kwa sababu nilikuwa na shemeji yangu na hapendi mambo ya ugomvi, ndo maana nasemea hapa.

Ndugu yangu, hicho kinywaji umemlipa mwenye baa. Bia ungeinunua bei hiyo hiyo hata kama pale kungekuwa na redio ya mbao inalia. Yule aliyesimama masaa manne na gitaa begani hujampa hata mia, na bado unamfanyia ujanja. Kiingilio kinywaji maana yake mwenye baa kapata watu, kampuni ya bia imeuza kreti, dada wa kaunta kapata chenji zake, muuza mishkaki pale nje kamaliza vijiti, na mtu pekee ambaye hajui ataondoka na nini ni huyo huyo aliyewaleta nyote pale.

Nilishawahi kukaa na mpiga besi mmoja wakati wa mapumziko nikamuuliza kaka hapa unaondoka na shingapi. Akaniambia mdogo wangu, mwenye baa anampa kiongozi posho ya usiku mzima, kiongozi anatoa kwanza hela ya kirikuu kilichobeba vyombo, anatoa ya kukodi spika maana za kwao zimekufa, kinachobaki tunagawana watu wanane. Siku nzuri elfu kumi na tano. Siku mbaya sahani ya chipsi na bia mbili. Anakaa Mbagala huyo. Bodaboda kutoka Tabata mpaka Mbagala saa tisa usiku ukiwa na gitaa la besi mgongoni, haya fanya hesabu mwenyewe kinabaki nini cha kupeleka nyumbani. Alafu Jumatatu tunakaa tunajiuliza kwa nini bendi zetu hazitoi nyimbo mpya, kwa nini kila siku wanapiga kopi. Wimbo mpya unataka mazoezi, mazoezi yanataka nauli ya watu wanane na mahali pa kukaa na umeme, nani analipa? Kofia?

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba mziki wa namna hii ukiusikilizia pale ndo mtamu kuliko popote. Nimeshaenda kwenye matamasha makubwa, tiketi laki, unasimama mbali unamwangalia msanii kwenye skrini, yaani umelipa laki kuangalia tivii ukiwa umesimama. Na nusu yao wanaimba juu ya wimbo uliokwisha kuimbwa, anainua maiki juu na sauti yake bado inatoka. Sasa njoo baa ya uani. Jukwaa hakuna, wamesogeza meza mbili wakajipanga chini ya bango la bia, eksitensheni imevutwa kutoka kwa mkaanga chipsi, tumba moja ngozi imezungushiwa selotepu. Unaona vidole. Mpiga solo yuko hatua tatu kutoka kwako, unaona anavyofumba macho akiingia zile nyuzi za chini, unaona anavyomtolea jicho mpiga ridhim aliyechelewa kubadilisha, unasikia kiongozi akimnong'oneza mpiga dramu "punguza punguza". Wimbo wa dansi una ile sehemu ya mwanzo ya taratibu, mtu anasimulia kesi yake ya ndoa au ya shamba la urithi, sauti ya kwanza na ya pili zinapokezana, watu wamekaa wanakunywa wanatikisa vichwa, alafu gitaa la solo linabadilika, tumba zinaingia, hapo ndo chemko lenyewe na mama mmoja wa makamo aliyekuwa amekaa kimya tangu saa mbili na soda yake anaweka pochi chini anaingia katikati. Huyo hakuja na mtu. Kajia hicho kipande tu.

Na wanakujua. Ukikaa karibu mara mbili tatu muimbaji anakutaja jina ndani ya wimbo, ukoo mzima, na mtaa unaokaa, unajikuta umetoa noti bila kupenda (hii najua ni ujanja wa kazi, na unanipata kila siku).

Kuna usiku mmoja umeme ulikatika katikati ya wimbo wa zamani wa Sikinde, yaani bendi ya Mlimani Park. Jenereta la baa likagoma. Gitaa kimya, besi kimya, maiki kimya, mi nikajua basi tena tunaenda kulala. Mpiga tumba hakuacha. Akaendelea vilevile, dramu ikamfuata, waimbaji wakaweka maiki chini wakaimba kwa vifua vyao, na yule mhudumu anayejulikana kwa kununa akiwa amebeba trei ya chupa tupu akashika sauti ya pili, na anaijua vizuri kuliko muimbaji. Baa nzima ikaitikia. Umeme uliporudi watu walizomea TANESCO kwa kurudisha, kitu ambacho sijawahi kukiona Dar es Salaam. Hiyo utaipata kwenye simu? Utaipata kwa di-jei? Bure, kwa bei ya bia?

Msiniambie eti kusikiliza bendi bila kiingilio ndo utamaduni wetu toka zamani. Sio kweli. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ndiyo hiyo baadaye ikaitwa JUWATA, ikaitwa OTTU, leo tunaiita Msondo Ngoma. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Bima Lee ya Shirika la Bima. Polisi walikuwa na bendi, vijana wa chama tawala walikuwa na Vijana Jazz, Mlimani Park ilianza 1978 na baadaye ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, mwisho wa mwezi anapanga foleni ya mshahara kama karani. Haikuwa pepo, nakubali, vyombo vikiwa vya shirika ukigombana na bosi unatoka mikono mitupu, na zile nyimbo walizorekodi Redio Tanzania zinapigwa mpaka leo ila waliozipiga hawakutajirika nazo. Lakini getini kulikuwa na mtu na kitabu cha tiketi. Ukienda ukumbi wa DDC Kariakoo ulilipa. Ukienda ule wa Magomeni Kondoa ulilipa. Hata juzi tu hapa, enzi za bendi ya Twanga Pepeta pale Mango Garden Kinondoni, ulilipa na ukakuta pamejaa. Mashirika yakafa au yakajitoa kwenye mambo ya bendi, mshahara ukaondoka, kumbi zikapungua, bendi zikahamia baa za mitaani na huko ndo tukaamua kwamba mziki ni kama kachumbari, inakuja na nyama bila kuulizwa bei.

Mzee Gurumo, na sidhani kama kuna mtu anasoma hapa hamjui Muhidin Gurumo, kaimba NUTA, kaenda kuianzisha Mlimani Park, kapita Safari Sound, karudi Msondo. Miaka zaidi ya hamsini jukwaani. 2013 alipotangaza kustaafu, gari alipewa na Diamond. Zawadi. Mwaka uliofuata akafariki. Mimi namshukuru Diamond kwa lile, alifanya jambo la kiungwana na halikuwa jukumu lake. Lakini kaa ulifikirie kidogo. Mtu kaimba kwenye harusi zetu, misiba yetu, kipaimara za watoto wetu, na gari la uzeeni analetewa na kijana ambaye hata hakuwa amezaliwa wakati mzee keshakuwa mzee kwenye kazi. Sisi mashabiki tulikuwa wapi? Tulikuwa tunaingia kwa kinywaji.

Sasa mwenye baa ana hoja zake na ntazitaja maana nisipozitaja mtakuja kunisumbua. Ana leseni, ana umeme, ana wahudumu, ana watu wa mazingira wa serikali wanaoweza kumfungia kwa kelele muda wowote. Na ni kweli kwamba akiweka kiingilio wapo watakaovuka barabara kwenda baa ya pili inayoonyesha mpira. Sawa. Waende. Mtu anayekimbia buku tatu hakuja kusikiliza bendi, na mara nyingi ndo huyo huyo anayepiga kelele za "wekeni mechi" gitaa likiwa katikati ya maneno. Tuseme wamebaki watu sitini tu, buku tatu kila mmoja, hiyo ni laki na elfu themanini iko mezani kabla hata nyuzi hazijafungwa, na mwenye baa hajatoa senti yake. Bado atauza bia zile zile. Sielewi kigumu kiko wapi, kiti, meza, kijana mmoja mwaminifu na daftari.

Bendi nazo zisijifanye malaika. Mmeandika saa mbili mnaanza saa nne na nusu, alafu saa nzima ni kupima maiki, "tesi, moja mbili", tunawajua. Ukianza kupokea hela ya watu getini ujue umeahidi muda. Na ile tabia ya kiongozi kufungia bahasha ndani ya koti na kuwaambia wenzake mwenye baa kasema hela hakuna, hiyo nayo tunaisikia.

Ila mtu asiniambie watu hawana hela. Hao wa ndoo ya bia walikuwa na hela. Sisi wote pale tulikuwa na hela, mtu anatoka pale analipa bolti ya elfu saba kwenda mtaa wa tatu kwa sababu amelewa hataki kutembea. Hela ipo, tumezoeshwa tu vibaya.

Habari njema ni kwamba kuna baa nyingine huku huku inaleta bendi Ijumaa hii na wameandika wazi kabisa kwenye bango, kiingilio shilingi 3,000, fedha yote ya mlangoni ni ya bendi. Grupu la wasapu la mtaa limewaka tangu jana, watu wanatuma emoji za kulia, mmoja kaandika "baa imekuwa ukumbi wa Mlimani City siku hizi?", mwingine anauliza kama mtu akiwa na mke wanalipa wote wawili. Ndiyo kaka, mnalipa wote wawili, na shemeji akitaka kwenda kucheza mbele umwache aende, hiyo haina malipo ya ziada.