Pikipiki ya Jangwani, Miguu ya Mikindani

Mimi ni mfupi. Naanza na hilo kwa sababu fundi hakuuliza, na mimi sikulitaja.

Nilikuwa nimekesha na video za Dakar, yale mashindano ya magari na pikipiki jangwani ambayo tangu 2020 yanakimbizwa Saudia na Dakar kwenyewe hawakanyagi. Hela ya korosho ilikuwa bado ya moto mfukoni. Kulipokucha nikaikokota boda yangu, cc 150 ya kubebea abiria hapa Mikindani, mpaka gereji: igeuze iwe ya jangwani.

Fundi simlaumu. Rimu ya mbele ya inchi 21, tairi za meno, shokapu ndefu nyuma, na mbele akaongeza vipande vya bomba juu ya springi. Kinga ya injini aliikata kwenye pipa la lami. Mimi nikachonga kijisanduku cha kuviringisha karatasi ya njia, kama walivyokuwa wakifanya wenyewe, nikaandika: "Mkorosho mkubwa, kata kulia." Huku kwetu! Ni sawa na kumwelekeza mtu baharini kwa kumwambia akifika kwenye maji akunje.

Nikapanda. Kidole gumba cha mguu kikawa kinatafuta ardhi, hakiioni. Na stendi je? Pikipiki imepaa, stendi imebaki na urefu wake ule ule. Kituo cha kwanza nikaiegemeza, ikalala taratibu juu ya meza ya mama muuza mihogo. Mihogo yote nikainunua mimi.

Nikaenda nayo Msimbati, maana mchanga ndio huko. Wenye akili wakifika mchangani hupunguza upepo ili tairi litandae. Mimi nilikuwa nimejaza mpaka ukiligonga linalia ngoma. Mita chache tu, gurudumu la mbele likazama, nikashusha mguu kujizuia. Mguu ukashuka, ukashuka, nchi kavu haikutokea. Tukaanguka wote wawili polepole, nikiwa na muda wa kutosha kuwaona watoto wakikimbilia kuangalia.

"Anko, tukuletee stuli?"

Kesho yake nikarudi kijiweni. Bibi mmoja anakwenda sokoni akaitazama siti, akanitazama na mimi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mjukuu wangu, hapo juu napandaje?"

Akamtuma mtoto kinu nyumbani. Kilipoletwa, tukakigeuza kichwa chini, nikamwomba radhi bibi, nikatangulia kupanda mimi.