Fundi wangu na saa ya Einstein

Fundi cherehani wangu wa Kariakoo kanimaliza. Aliniahidi suruali ya sendofu ndani ya siku saba. Naenda siku ya 14, kitambaa hata mkasi hakijauona, naye kashika kikombe cha chai: "Kaka, muda si sawa kwa kila mtu. Hata Einstein alisema." Kaokota kwenye klipu ya mhamasishaji, wale wa "kila mtu na ukweli wake".

Haya, tumsikilize huyo Einstein.

Wazo lenyewe la uhusianifu, kwamba mwendo hutegemea anayeutazama, ni kongwe kuliko yeye. Galileo alishaandika mwaka 1632: ukijifungia ndani ya meli inayokwenda sawasawa bila kuyumba, hakuna jaribio litakalokuambia kama inakwenda au imesimama. Nani hajaliona hilo kwenye pantoni ya Kigamboni? Karanga ikikuponyoka inaangukia mguuni pako, haibaki nyuma Magogoni. Balaa likaletwa na mwanga. Mwaka 1887 wanasayansi Michelson na Morley walitafuta athari ya mwendo wa dunia kwenye mwendo wa mwanga, wakaambulia patupu. Mwaka 1905 Einstein, kijana wa miaka 26, mkaguzi katika ofisi ya hataza (ya kusajili uvumbuzi) kule Bern, Uswisi, akasema: mwendo wa mwanga, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, ni uleule kwa kila anayeupima, saa ndizo zipishane. Mnaona? Nadharia nzima imesimama juu ya kisichobadilika!

Nakiri, tena kwa shingo upande, fundi ana nusu ya haki. Saa hupishana kweli. Za setilaiti za GPS, huko juu ambako mvutano wa dunia umepungua, hutangulia za ardhini kwa maikrosekunde 38 kila siku. Zisiporekebishwa, makosa hufika kama kilomita 10 kwa siku, uite boda Mwenge ikakutafute Posta.

Lakini kupishana kuna bei, na bei inapigiwa hesabu: saa ya anayekwenda kasi huchelewa, ila mpaka kasi ikaribie ya mwanga ndipo utaona tofauti kubwa. Nimekaa na kikokotoo. Ili kwangu zipite siku 14 na kwake saba tu, fundi alipaswa kwenda na kurudi kwa kasi ya kilomita 260,000 kwa sekunde, wiki nzima, bila kupumzika. Nimemuuliza mama wa chapati jirani yake. Anasema hakuinuka kwenye stuli isipokuwa kufuata chai.

Sendofu nimekwenda na suruali ya mwaka jana. Mkanda tundu la mwisho.