Kimchi ya Tanga inaanzia kwenye mizani

Wengi wanaopenda mapishi ya Kikorea hapa Tanga, hasa kimchi, yaani kabichi ya viungo iliyochachushwa, huanza kwa kusaka bidhaa. Wanaagiza Dar es Salaam pakiti ya gochugaru (pilipili ya Kikorea ya kusaga), kopo la gochujang (rojo la pilipili lililochachushwa) na chupa ya mchuzi wa samaki, na pesa inakatika kabla hata kabichi haijanunuliwa. Kisha chumvi inamiminwa kwa kukadiria, ndoo inaachwa jikoni siku mbili kama video ilivyoelekeza, na siku ya tatu kinachotoka ni kabichi iliyolegea, kali kwa uchachu, yenye harufu ya kukimbiza wageni. Lawama zote zinaangukia kabichi.

Msimamo wangu ni kwamba ladha ya Kikorea katika mji huu haikwami kwa kukosa vitu vya ng'ambo. Inakwama kwenye chumvi na joto. Mwenye mizani ndogo inayosoma gramu na nafasi ndani ya friji tayari ana mtaji. Karibu kila kitu kingine kipo kwenye masoko ya Ngamiani na Mgandini.

Tuanze na joto, maana ndilo linalowashinda wengi. Kimchi ni chakula kilichozaliwa kwenye baridi. Huko Korea familia na majirani huitengeneza kwa wingi mwishoni mwa mwaka, baridi inapoanza kuuma, kwa utaratibu unaoitwa kimjang. UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2013 kwa Korea Kusini na 2015 kwa Korea Kaskazini. Zamani mitungi ilifukiwa ardhini, kimchi ikaiva polepole majira yote ya baridi. Katika ubaridi huo bakteria wa jamii ya Leuconostoc wanapata muda wa kufanya kazi yao, na hao ndio wanaotoa gesi inayoifanya kimchi ichangamke ulimini. Kwenye joto la nyuzi 30 wanazidiwa mapema na jamii ya Lactobacillus, ambao hujaza asidi kwa kasi. Uchachu unakuja bila uchangamfu, na jani linalainika upesi.

Kwa hiyo maelezo yanayosema "iache nje siku mbili" yanazungumzia nyumba yenye nyuzi 18 au 20. Kwetu, wakati wa kusi, saa 20 hadi 24 zinatosha kabla ya kuingiza kwenye friji. Wakati wa kaskazi anza kuikagua baada ya saa 12. Alama za kutazama ni mapovu madogo yanayopanda ukigandamiza kwa kijiko, maji yaliyopanda juu ya kabichi, na harufu ya uchachu inayoanza kuipita ya kitunguu saumu. Ukiziona, ingiza kwenye friji papo hapo, hata kama saa haijatimia.

Wapo wanaozungushia ndoo kitambaa kilicholowa wakitegemea ubaridi wa maji yanayokauka. Dodoma mbinu hiyo ina faida, lakini hewa ya pwani imejaa unyevu, maji hayakauki haraka, na ndoo haipoi kwa maana. Kinachosaidia ni deli la kuuzia aiskrimu: weka chombo ndani pamoja na chupa mbili za maji yaliyoganda, zibadilishe asubuhi na jioni. Hapo unaweza kuipa kimchi siku mbili za taratibu, na tofauti utaisikia mdomoni. Chupa hizohizo zikijazwa kwenye friza zitakuokoa umeme ukikatika.

Sasa chumvi. Kabichi inayofika sokoni kwetu kutoka Lushoto ni ile ya duara, iliyofunga, yenye jani nene. Wakorea hutumia kabichi ndefu yenye jani laini, wanaitia chumvi nyingi kisha wanaisuuza. Njia hiyo inahitaji mkono uliozoea. Kwa kabichi yetu napendelea kupima na kutosuuza kabisa. Nunua kama kilo 2.4, ondoa majani ya nje na kisiki, ubaki na kilo 2 safi. Kata vipande vya mraba vya sentimeta 4. Usikate nyembamba kama ya kachumbari, maana vitaisha nguvu. Pima gramu 60 za chumvi, yaani asilimia 3 ya kabichi. Nyunyiza tabaka kwa tabaka, kisha kanda kwa mikono dakika tano mpaka vipande vianze kung'aa na kutoa maji. Weka sahani juu na kitu kizito juu yake, acha saa 4, geuza kila saa. Kipande cha sehemu nene kikipindika bila kuvunjika, imekubali. Chuja, na hayo maji yahifadhi kwenye kikombe, utayahitaji.

Kwa nini gramu, na si vijiko? Kijiko cha chakula cha chumvi laini kina uzito mkubwa kuliko kijiko hichohicho cha chumvi ya mawe, kwa sababu punje kubwa zinaacha nafasi katikati yake. Mtu akibadilisha aina ya chumvi bila kubadilisha vijiko, kimchi yake inabadilika bila yeye kujua sababu. Baada ya kuchanganya na viungo chumvi inashuka hadi karibu asilimia 2, na hapo ndipo pa kulenga. Ikipungua sana, bakteria wasiotakiwa wanapata mlango na jani linakuwa na utelezi. Ikizidi sana, haichachuki, inakaa tu kama kabichi ya chumvi.

Viungo: pika uji wa vijiko viwili vya chakula vya unga wa mchele kwa mililita 250 za maji mpaka uwe mzito, uache upoe kabisa. Uji wa moto unaua bakteria uliokuja kuwafuga. Twanga gramu 40 za kitunguu saumu, gramu 15 za tangawizi na gramu 20 za uduvi. Uduvi ndio ninaousifia zaidi katika mapishi haya. Wakorea hutia kamba wadogo sana waliochachushwa kwa chumvi, saeujeot, nao ni jamii moja na uduvi wetu unaouzwa mkavu sokoni kwa kipimo cha kikombe. Upepete kwenye ungo, uoshe mara tatu kuondoa mchanga, ukaange mkavu dakika moja, ndipo utwange. Ladha haitakuwa ileile ya kamba waliochachushwa miezi, lakini utamu wake wa baharini upo wote. Ongeza karoti gramu 150 zilizokatwa njiti, majani ya kitunguu gramu 100 na kijiko kimoja cha sukari. Figili ukiipata, weka nusu figili nusu karoti.

Pilipili inahitaji tahadhari. Gochugaru imekaushwa, imetolewa mbegu, imesagwa chenga, na ukali wake ni wa wastani. Ndiyo maana Wakorea wanaweza kuitia kwa kikombe kizima. Ukitia pilipili kichaa ya kusaga kwa kipimo hicho, hakuna atakayekula. Changanya gramu 32 za paprika kutoka duka la viungo na gramu 8 za pilipili kali ya kusaga. Paprika inaleta rangi na utamu, pilipili yetu inaleta moto. Anayetaka kukausha mwenyewe achukue pilipili ndefu nyekundu, azipasue, atoe mbegu, azianike juani juu ya wavu, na kila jioni aziingize ndani. Unyevu wa usiku wa Tanga unaotesha ukungu haraka, kwa hiyo umalizie kukausha kwenye kikaango juu ya moto mdogo sana mpaka zivunjike kwa sauti. Pilipili yenye ukungu tupa yote. Kuchagua zilizo nzuri ndani ya fungu hilo hakufai, kwa sababu sumu ya kuvu haionekani kwa macho na haitoki kwa kupika.

Vaa glavu, changanya, jaza kwenye chupa za mdomo mpana huku ukigandamiza ili hewa itoke, kisha ongeza yale maji ya chumvi mpaka kabichi izame. Acha robo ya chupa wazi. Gesi itapandisha maji, na chupa iliyojazwa mpaka shingoni itamwagia friji nzima. Mfuniko wa plastiki ni bora kuliko wa chuma, kwa kuwa chumvi na asidi hula chuma.

Utando mweupe mwembamba juu ya maji ni hamira ya porini. Uondoe, gandamiza kabichi izame, endelea. Ukungu wenye manyoya ya kijani, meusi au ya waridi ni habari nyingine, na hapo chupa nzima inatupwa. Chainizi nayo huwavutia wengi kwa sababu ni rahisi na jani lake ni laini, lakini kwa kuhifadhi haifai, ndani ya siku chache imekuwa mlenda. Itie chumvi nusu saa tu, changanya na viungo hivihivi, uile siku hiyohiyo. Wakorea wana kimchi ya namna hiyo, geotjeori, na pembeni ya changu wa kuchoma ni tamu mno.

Kimchi iliyozidi uchachu usiitupe. Katakata kikombe kimoja, changanya na kikombe kimoja cha unga wa ngano, vijiko viwili vya wanga wa mahindi, maji baridi robo tatu ya kikombe na maji kidogo ya kimchi yenyewe. Kaanga kwa mafuta ya kutosha kama unavyofanya chapati za maji, ila nyembamba, mpaka kingo zikauke. Kwa supu tumia dagaa mchele: toa vichwa na matumbo kwani ndiyo yenye uchungu, kaanga mkavu gramu 20 dakika mbili, chemsha kwa lita moja ya maji dakika 10, chuja. Wakorea hufanya hivyohivyo kwa dagaa wao. Usihangaike na mwani unaolimwa pwani yetu kwa ajili ya kufungia wali. Huo ni wa kutolea ute wa viwandani, hauwi karatasi kavu ya gim.

Kwa anayefikiria kuuza, ushauri wangu ni auze kitu kimoja. Nimeshuhudia orodha za vyakula kumi vya Kikorea zikitumwa WhatsApp na mtu mwenye friji moja na kazi ya kutwa, na siioni njia ya kuzifanya zote vizuri. Kimchi inamfaa mwenye kazi nyingine: kazi ya mikono haizidi saa mbili, inayobaki ni kusubiri. Tia chumvi Ijumaa jioni, jaza chupa usiku, ingiza kwenye friji Jumamosi, anza kuuza katikati ya wiki ijayo ladha ikiwa imetulia.

Kipimo cha hapo juu kinatoa takriban kilo 2.1, yaani chupa tano za gramu 400. Jumlisha kila kitu, kabichi, viungo, chupa, lebo, umeme, bodaboda na saa zako mbili, ugawanye kwa tano. Wengi huacha chupa na saa zao nje ya hesabu, kisha wanashangaa mwezi umeisha hawana kitu. Mteja mzuri wa mwanzo ni muuza chipsi na samaki anayeshindana na majirani wanaotoa kachumbari ileile. Mpe chupa moja ajaribu nayo jioni moja, utajua kama atarudi.

Wateja wa Tanga watauliza halali, na wana haki ya kujibiwa kwa uhakika. Gochujang nyingi za dukani zimetiwa alkoholi ya kuhifadhia, hivyo soma kila kopo kabla ya kulitumia. Kimchi hii haina gochujang kabisa, jambo linalorahisisha jibu. Andika kwenye lebo kwamba ina uduvi, kwa wenye mzio wa kamba, andika tarehe ya kutengenezwa, na uandike ikae kwenye friji. Ukitaka kuingia madukani, usajili wa vyakula umekuwa chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019, na ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ndiyo ya kuanzia kwa mafunzo ya usindikaji. Nenda kwao ukiwa na daftari lenye gramu, saa na joto la kila awamu. Chupa ya mwezi wa tatu inatakiwa kuwa na ladha ya chupa ya mwezi wa kwanza, na kwa kukadiria haiwezekani.