Ndiyo, kile kimpira nilikivuta mimi

Ile video yangu ya kwenye mkutano wa magari ya zamani mmeshaiona, najua, maana mpaka shangazi yangu kanitumia akiniuliza "huyu kijana simfahamu kweli?" Sasa sikilizeni na upande wangu kabla rafiki yenu hajaiwekea muziki.

Mnajua nilivyoshikwa na ugonjwa wa "orijino". Volkswagen Beetle yangu ya 1969, namba ya chasisi nimeilalia na tochi chini ya siti ya nyuma mpaka nimeikariri, inaanza 119, hiyo 11 ni aina ya gari, 9 ni mwaka wa modeli, na kama hukuniuliza nilikwambia hivyohivyo. Nikaagiza na cheti chake cha kuzaliwa (gari, si mimi) kutoka makumbusho ya Volkswagen kule Wolfsburg, Ujerumani, wanakuandikia lilitoka kiwandani lini, rangi gani, na nyongeza zipi. Mtu mwenye akili angesubiri cheti.

Juzi Jumamosi tumekutana wenye magari ya zamani, watu wamenizunguka, nawatembeza. Nikaanza na kale kachombo ka maua kwenye dashibodi, "haka kametoka nalo kiwandani", watu wakatikisa vichwa, sifa zikanipanda. Nikafungua buti la mbele (injini iko nyuma, tuendelee). Humo kuna kimpira chembamba kinatoka kwenye valvu ya tairi la spea kinaingia kwenye chupa ya maji ya kuoshea kioo cha mbele. Nikacheka. "Na hapa mnaona kazi ya fundi wa vichochoroni, nani mwenye akili zake anaunga tairi na chupa ya maji?"

Kuna mzee alikuwa pembeni, kofia mkononi, akasema taratibu, "Mwanangu, hicho usi..."

Nimeshashika. Tena sikushika cha hewa, nilishika cha pili, kile kinachotoa maji kwenye chupa kuyapeleka kwenye kioo. Kilikuwa kigumu, kimekaza kama mshipa wa shingo, na nakumbuka niliwaza mbona kimejaa hivi. Ile spea niliijaza mwenyewe asubuhi, presha 42, ili kila kitu kiwe kama kitabu kinavyotaka. Nikavuta. Kwanza "pyu" ndogo, ya adabu kabisa. Halafu kikanitoka mkononi kikaanza kucheza kama nyoka aliyekanyagwa mkia, maji ya sabuni jicho la kulia, jicho la kushoto, yakaingia mdomoni uliokuwa bado wazi kwa ajili ya neno "fundi" (nimemeza, msiulize). Nikakikamata, nikaziba kwa kidole gumba. Aliyewahi kumwagilia bustani anajua kilichofuata. Mstari wote wa mbele wakaoga.

Basi mzee akanipa leso, akaeleza kwamba ndivyo walivyotengeneza wenyewe kiwandani, hakuna pampu wala mota, hewa ya spea ndiyo inasukuma maji, na kuna valvu ya kukata ili tairi lisiishe upepo. Nikasema asante. Akaenda mpaka dirishani, akachungulia dashibodi, akageuka. "Ila hako ka maua ndiko ka kununua pembeni."

Kimpira nimekirudisha. Shati limekauka, lina ramani.

Cheti kimefika leo asubuhi, bahasha iko mezani. Rafiki yenu anataka nikifungue laivu. Hapana. Na wewe shangazi, hapana, humfahamu.