Wifi Yangu Alipasuliwa kwa Nini?

Ukienda kumuona mzazi huku kwetu Mombasa, hata hujakaa kitako vizuri, unauliza "kisu ama kawaida?" Jina la mtoto baadaye. Na jibu likiwa kisu utaona mmoja anaguna, mwengine anasema wasichana wa siku hizi hawajui kusukuma. Mamangu alimwambia wifi yangu hivo hivo mbele za watu, mtoto ana siku tatu. Nilinyamaza manake ni mavyaa wake na ni mamangu mimi, lakini ilinikera, wifi yangu hakuomba kupasuliwa, aliambiwa.

Alikuwa wiki ya 39, hana presha, hana sukari, mtoto kichwa chini, uchungu bado. Kaenda kliniki kwenye hospitali moja ya binafsi, skani ikasema mtoto kilo 4, daktari akamwambia huyo mkubwa hapiti, njoo kesho asubuhi na usile kitu usiku. Mtoto katoka kilo 3.5. Skani za mwisho wa mimba zinakisia uzito tu, kukosea kwa asilimia 10 ama 15 ni kawaida, na hata kama ingekuwa kilo 4 kweli, mwongozo wa madaktari wa uzazi Marekani unaanza kuzungumzia kisu kwa sababu ya uzito peke yake kwenye kilo 5, ama 4.5 mama akiwa na sukari.

Sasa msinielewe vibaya. Mwanangu wa kwanza ni wa kisu na sina neno. Kondo la nyuma lilikaa juu ya mlango wa kizazi, ningesubiri uchungu ningemwaga damu mpaka basi. Na mtoto aliyelala kingamo, ama kitovu kimetangulia, ama mapigo ya moyo yanashuka na hayarudi, ama uchungu umeenda wee na mtoto hashuki, hapo hakuna mjadala. Kuna wanawake wa Likoni uchungu unawashika usiku na bado kuna feri ya kuvuka, hao shida yao ni kukikosa kisu.

Kitaifa waliozaliwa kwa operesheni walikuwa asilimia 9 kwenye utafiti wa 2014, ule wa 2022 wakawa 17. Shirika la Afya Duniani lilisema 2015 kwamba ukipita 10 nchi nzima, vifo vya mama na watoto havipungui zaidi, lakini wakasema pia msikimbizane na namba, kila anayehitaji apate. Kwa hivo asilimia haiwezi kukwambia kama kisu cha dadako kilihitajika.

Watu wanasema ni pesa. SHA, bima ya afya ya serikali, inalipa 10,000 ya kawaida na 30,000 ya operesheni, na bili za binafsi ndo usiseme, kwa hivo siwezi kukataa. Ila mimi naona wakati ndo mkubwa kuliko pesa. Operesheni ni kama saa moja umemaliza, uchungu wa mtoto wa kwanza unaweza kukesha nao, mkunga ni mmoja na wazazi ni sita, kila mtu amechoka. Wengine wanaanza kuhesabu masaa njia haijafunguka hata sentimita 5, na tangu 2018 Shirika la Afya limesema kabla ya hapo mama asiharakishwe ikiwa yeye na mtoto wako sawa.

Mimi nasema hivi: ukipewa miadi umepewa na wakati wa kuuliza. Miadi yenyewe si kosa, hata mimi nilipewa. Lakini uliza, tukisubiri uchungu uanze wenyewe kutatokea nini? Daktari wangu alinionyesha kwa kidole kwenye skani, maneno mawili, nikaelewa. Ukijibiwa "kwani unataka mtoto afe?" na hakuna kingine, chukua skani yako uende kwa mwengine siku hiyo hiyo. Ikiwa uko leba na umeambiwa mtoto amechoka, tia saini, maswali utauliza baadaye, lakini uyaulize.

Manake wifi yangu hakuuliza, na sasa ana mimba ya pili. Muuguzi wa kliniki ya serikali kamuuliza, ulipasuliwa kwa nini, na kizazi kilikatwa vipi, chini kwa upande ama kwa urefu? Waliopasuliwa mara moja wakajaribu kawaida, 60 mpaka 80 kwa kila 100 wanazaa salama, kovu kuachia ni kama mmoja kwa 200, kwa hivo lazima iwe hospitali yenye thieta, na mkato wa urefu ndo kabisa hawakubali ujaribu. Wifi akabaki anamtazama tu.

Tukaenda kuomba faili, siku mbili wanatuzungusha. Sababu imeandikwa: ombi la mama. Wifi akaisoma mara mbili, akanipa na mimi, halafu akaniuliza kama mkato wameandika.